Uji wa Barafu

Ukitaka kujua kama barafu inafaa kuwekwa juu ya moyo wa mtoto, usiitazame. Macho yatakudanganya. Ifinye kati ya vidole viwili, glavu zikiwa mkononi, kisha usikilize. Ikilia kama changarawe chini ya kiatu, endelea kuponda. Ikiteleza kimya kama uji wa mtama uliopoa, mpe daktari bakuli, usimame tayari na la pili.

Hilo ndilo nililolijua, vijana wangu. Wengine walijua kukata, wengine kushona, wengine kulaza watu usingizi na kuwaamsha. Mimi nilijua barafu. Nilipowatembelea chuoni kwenu, msichana mmoja wa mstari wa mbele aliniuliza nilikuwa nafanya nini hasa katika chumba cha upasuaji, nami nikamjibu kwamba nilikuwa napika uji baridi. Mlicheka, na mlikuwa na haki ya kucheka. Lakini nilirudi nyumbani Kawangware nikiwa na hamu ya kuwaeleza vizuri zaidi, kwa sababu niliona mikono fulani ikifanya kazi katika chumba kile, na si haki mikono ile isahauliwe na watu wanaovaa leo mavazi yaleyale ya kijani.

Moyo unaopiga ni mgumu kuushona. Wa mtoto ndio zaidi: ni kama kutia uzi kwenye sindano iliyo mkononi mwa mtu anayekimbia. Kwa hiyo tuliusimamisha. Damu ya mwili mzima ilipitishwa kwenye mtambo kando ya meza, mtambo ukafanya kazi ya moyo na ya mapafu kwa pamoja, na moyo wenyewe ukalazwa kwa dawa ya baridi, kisha ukazungushiwa barafu ya maji ya chumvi yaliyosafishwa, ili nyama yake isinzie na isililie chakula. Moyo wenye joto una njaa. Moyo wa baridi huvumilia, ingawa hauvumilii milele, na kila mtu mle ndani alijua hivyo bila kuambiwa.

Mtambo ulikuwa wa Odhiambo. Nasema wake ingawa ulikuwa mali ya serikali, maana alikuwa akiupangusa kabla ya kazi na baada ya kazi, na alikuwa akiusemesha kwa sauti ya chini, "Twende mama, twende taratibu," kama mtu anayemvusha mkewe barabara. Aligongagonga mirija kwa ukucha akitafuta povu, kwa sababu povu dogo likienda kichwani mwa mgonjwa halirudi. Damu ikishaanza kuzunguka, hukumsalimu Odhiambo. Ukimsalimu, hakujibu. Lakini hakuwa na kiburi. Kesho yake alikutafuta mpaka kwenye chumba cha chai akakwambia, "Jana uliniuliza habari. Nzuri."

Aliyenifundisha barafu ni Sista Perpetua, mwanamke mfupi kiasi kwamba alisimama juu ya kibao ili afikie meza. Hakuwahi kupaza sauti. Alikuwa na namna ya kukutazama juu ya barakoa ikakufanya ukumbuke mambo ambayo hukuyafanya. Zamani, kabla sijafika, maji ya chumvi yaligandishwa kwenye chupa za kioo, na asubuhi walikuta friji imejaa vigae. Ilipokuja mifuko ya plastiki, yeye ndiye aliyegundua kwamba mfuko haufai kuachwa utulie. "Kila ukipita, utikise," aliniambia. "Ukienda chai, utikise. Ukitoka chai, utikise. Ukiuacha, utakuta jiwe." Mfuko unaotikiswa huganda kwa chembe ndogondogo, na chembe ndogo hazikwaruzi. Nilitikisa mifuko mpaka nyumbani nikawa natikisa chupa ya maziwa nikiongea na watu.

Alinifundisha pia kile kitambaa cha nyuma ya moyo. Kuna mshipa wa fahamu unaopita ubavuni mwa moyo kwenda kwenye kiwambo, ile nyama ya chini ya mapafu inayotusaidia kuvuta pumzi. Barafu ikiugusa muda mrefu, mshipa huo hufa ganzi, na mtoto aliyeponywa moyo anashindwa kupumua mwenyewe. Kwa hiyo kitambaa kilichokunjwa kiliwekwa kwanza, barafu baadaye. Mkisahau yote niliyoandika hapa, hilo lishikeni.

Siku moja umeme ulipotea hospitalini, na jenereta ikaamua kufikiri kwanza kabla ya kuwaka. Dereva wetu Kamau, mtu mwenye moyo wa kusaidia, alichukua gari bila kutumwa akarudi akihema, amebeba bonge la barafu kutoka soko la samaki, lina unga wa mbao na magamba. Sista Perpetua alilizunguka mara moja. Akauliza, kwa upole kabisa, kama leo tunashona moyo au tunauza tilapia. Kamau akataka kulirudisha. "Wacha," Sista akasema, na akaamuru lipondwe na kuwekwa kwenye karai kubwa, juu yake karai safi lenye barafu yetu, ili ya nje ilinde ya ndani. Kazi ikaisha salama. Chumba kizima kilinuka ziwa, na daktari mpasuaji alisema hajawahi kushona akiwa na njaa kiasi kile.

Huyo daktari nitamwita Mutiso. Kabla ya upasuaji mgumu alikuwa akifanya mazoezi, na hapo ndipo mimi nilipoharibiwa sifa mtaani. Familia ya mume wangu ilikuwa na ploti Kawangware, vyumba vya mabati vya wapangaji, na karibu na lango letu palikuwa na bucha. Daktari aliomba mioyo ya mbuzi. Nikawa nanunua, mmoja leo, miwili kesho, naifunga kwenye gazeti na kuipeleka kazini, naye jioni, wengine wakishaondoka, alikaa chini ya taa na sindano iliyopinda kama ukope, akishona mishipa ya mbuzi na uzi ambao ukiuangusha hauuoni tena. Alishona, akakata, akashona upya. Mtu aliyekwisha sifiwa na kila mtu alikuwa akijifunza kila jioni kama mwanagenzi. Mwenye bucha hatimaye alishindwa kuvumilia. Akaniuliza mbele ya watu, "Mama, kwani kwenu hamli miguu?" Tangu siku hiyo wapangaji wetu walikuwa wakilipa kodi mapema kidogo.

Sasa niwaeleze juu ya Kavosa.

Alikuwa msichana wa shule ya msingi, mwembamba, mwenye macho ya mtu mzima. Babake, Elijah, alikuwa fundi wa mbao huko Sarang'ombe, Kibera, akitengeneza vitanda na stuli. Mamake alibaki nyumbani Maragoli na watoto wadogo, na aliyemleta mtoto Nairobi kutafuta tiba ni nyanyake, ambaye kila mtu alimwita Guku, yaani nyanya kwa lugha yao. Kavosa akikimbia, kifua kilimbana, akachuchumaa na kugeuka rangi. Walimu walisema ni uvivu. Kwenye foleni ya maji alizimia.

Madaktari walipopiga picha za mishipa ya moyo kwa dawa, waliona jambo ambalo wengi wao walikuwa wamelisoma tu vitabuni. Mshipa mmoja unaolisha nyama ya moyo haukuanzia mahali pake. Badala ya kutoka kwenye mshipa mkuu wenye damu safi, ulitoka kwenye ule unaopeleka damu iliyochoka mapafuni. Moyo wa mtoto yule ulikuwa ukifanya kazi ya kulisha mwili wote huku upande wake mmoja ukishinda njaa. Daktari Mutiso alitaka kuufunga mlango ule mbaya, kisha achukue kipande cha mshipa mguuni mwa Kavosa, akishone juu kwenye mshipa mkuu na chini kwenye mshipa wa moyo, ili damu safi ichepushwe ipite njia mpya. Watu wazima walifanyiwa hivyo ng'ambo. Kwa mtoto, na kwetu, hakukuwa na wa kumuuliza. Lakini bila hivyo, alisema, mtoto huyu hataona darasa linalofuata.

Aliwaeleza Elijah na Guku katika chumba kidogo cha wadi, na mimi nilikuwepo. Alieleza vizuri, kwa Kiswahili chepesi, akichora kwa kidole kwenye shuka. Elijah alikuwa tayari kukubali kabla daktari hajamaliza. Guku ndiye aliyeinua mkono.

"Mtausimamisha moyo?"

"Ndiyo, mama."

"Usimame kabisa?"

"Kabisa. Kwa muda kama wa ibada ya Jumapili. Halafu tunauamsha."

Guku akafikiri. "Na wakati huo mtoto atakuwa wapi?"

Daktari akasema atakuwa palepale mezani, amelala, hasikii maumivu.

"Mwili uko mezani, nimesikia," Guku akasema. "Mimi nauliza mtoto."

Nimekaa na madaktari wengi. Kuna ambao wangecheka, na kuna ambao wangeanza kueleza tena kwa sauti ya juu zaidi. Daktari Mutiso aliutazama ule mchoro wake usioonekana kwenye shuka, akasema, "Hilo sijui, mama." Namheshimu mpaka leo kwa maneno hayo matatu. Lakini hayakumsaidia siku ile. Guku alisimama, akamfunga mtoto shali, wakaenda nyumbani. Elijah aliwafuata akiwa ameinamisha kichwa. Angeweza kukubali peke yake, sheria ilimruhusu. Ila yeye alikuwa mtoto wa mama huyo, na aliniambia mlangoni kwamba mtoto akifia mezani baada ya Guku kukataa, yeye hatakuwa na nyumba ya kurudi, si Kibera wala Maragoli.

Jumapili, nikitoka kanisani, sikurudi nyumbani. Niliteremka kwa miguu mpaka Kibera nikiwa na viatu vyangu vya kanisa, nikauliza fundi Elijah wa vitanda. Kila mtu alimjua, lakini si kwa sababu ya vitanda. "Ni yule baba wa kale kasichana ka mdomo?" mama mmoja muuza mboga za sukuma aliniuliza. "Nenda, lakini ujipange."

Nilimkuta Kavosa ameketi mbele ya karakana kwenye stuli isiyopakwa rangi, nyundo ndogo mkononi, akinyoosha misumari iliyopinda. Hakuweza kukimbia na wenzake, basi alikuwa amejipa cheo. Mwanafunzi wa babake alipochukua msumari bila kuuliza, alimrudisha akaombe. Aliponiona alinitazama miguu. "Sista umekuja na viatu vya harusi," akasema. "Huku kuna matope."

Nilimuuliza kama anajua tunachotaka kumfanyia. Alisema anajua, Guku amemwambia yote, maana hakuna aliyekuwa na siri na mtoto yule. Kisha akaniuliza kama moyo wake utatolewa nje. Nikasema hapana, utakaa mahali pake. Akagonga msumari.

"Basi mkiufikia muuambie uache kelele usiku. Silali."

Guku alikuwa ndani, anachambua mboga. Hakushangaa kuniona. Mimi nilikuwa nimejiandalia hotuba njia nzima, na nikaanza nayo: kwamba mtambo huchukua nafasi ya moyo, kwamba damu haisimami hata kidogo, kwamba watoto wengine wametoka mezani na sasa wanacheza mpira. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza kama huo mtambo unamjua mtoto jina.

Ndipo akanieleza, bila haraka, mikono ikiendelea na mboga. Mtoto huyu alipozaliwa alilia. Alilia akakataa titi. Wakaita majina ya waliotangulia, mmoja baada ya mwingine, jina la upande wa baba, jina la upande wa mama, na mtoto akaendelea kulia akilegea. Guku alipomwita kwa jina la dada yake, Kavosa, aliyefariki akiwa msichana, mtoto alinyamaza, akageuza kichwa, akanyonya. Hivyo ndivyo alivyoingia. Aliitwa akaja. Nyinyi mkimsimamisha, Guku alisema, atatoka, hilo halina ubishi kwake. Na mkiamsha mwili bila kumwita, ataamka nani? Alikuwa ameona mtu mmoja kwao aliyerudi kutoka homa ya kichwa akiwa na uso uleule na hakuna mtu ndani yake. Hakuogopa mtoto kufa kama alivyoogopa kurudishiwa mwingine.

Mimi nilizaliwa huku Kawangware, kwetu mtoto huja na jina lake tayari, la babu au la nyanya, hakuna kutafuta. Sikulijua jambo hilo. Lakini nilijua mtu yule aliyerudi bila kuwa na mtu ndani. Nilikuwa nimewaona, wawili watatu, kwenye wadi yetu. Povu la Odhiambo ndilo linalofanya hivyo. Mwanamke huyu, ambaye hakuwahi kuona mlango wa thieta, alikuwa anaogopa kitu kilekile tulichokiogopa sisi.

Alisema atakubali kwa sharti moja: aingie mwenyewe amwite. Nikamwambia haiwezekani, kwamba hata mimi naosha mikono mpaka viwiko vinawasha kabla ya kuruhusiwa kusogea. Hakubishana na hilo, alikuwa mtu wa usafi. Nikasema nitamwita mimi.

"Wewe ni nani kwake?"

Guku akainuka, akasonga ugali. Akaweka sahani moja chini, akamwita mtoto. Nilielewa kwamba sitakuwa mgeni tena nikishamaliza. Mboga ilikuwa mrenda, na anayeujua mrenda anajua kwamba hauna huruma kwa mtu wa Kawangware. Ulivutika kutoka sahani mpaka mdomoni, ukanifuata kidevuni, ukashuka kwenye blauzi ya kanisa. Kavosa alinitazama kwa masikitiko.

"Kata kwa kidole, sista. Zungusha. Kwani kwenu hamfunzwi?"

Tulikula mpaka sahani ikawa nyeupe. Guku akasema sasa naweza kumwita.

Kesho yake nilimweleza Daktari Mutiso, nikitegemea anifukuze. Alikuwa anaosha mikono. Aliendelea kuosha, akaniuliza jina linatamkwa vipi, mkazo uko wapi. Akalisema mara kadhaa mpaka likakaa mdomoni. Akasema wakati wa kuamsha moyo atanipa ishara, na kwamba nisiite kabla wala baada, kwa sababu kila kitu mle kina wakati wake.

Ile asubuhi mifuko yangu ilikuwa tayari. Niliponda mpaka barafu ikanyamaza. Sijaona kazi nzuri kama ya siku ile. Mshipa wa mguu wa Kavosa ulipotolewa ulikuwa mwembamba kama utambi wa koroboi. Mshipa wa mguu una milango ndani yake inayofunguka upande mmoja, kwa hiyo lazima ugeuzwe kichwa chini, la sivyo damu inagonga mlango uliofungwa. Daktari alifunga uzi mweusi mwisho mmoja, akamwonyesha Sista Perpetua, akamwonyesha msaidizi wake, akanionyesha hata mimi, kila mmoja akasema kwa sauti ni upande gani. Hakuona haya kutuuliza. Akaujaza maji ya chumvi kuona kama unavuja. Kisha moyo ukalazwa. Kitambaa kikawekwa nyuma. Nikaanza kuleta mabakuli.

Alishona upande wa moyo kwanza. Wakati huo chumba hakikuwa na sauti ila ya mtambo na ya Odhiambo akiusihi. Mikono ya Mutiso haikuwa na haraka wala haikuchelewa. Sindano iliingia, ikatoka, ikaingia, na uzi ulikuwa mwembamba mno hata ikaonekana kana kwamba anafunga hewa. Sista Perpetua alimpa kila kitu kabla hajakiomba. Wale walikuwa watu wazima wawili waliokuwa wakisikilizana kwa vidole.

Alipomaliza juu na chini, barafu ikatolewa, maji ya vuguvugu yakamwagwa, damu ikaachiliwa ipite njia mpya. Ule upande wa moyo uliokuwa na rangi ya majivu ukaanza kupata wekundu. Lakini moyo haukupiga. Ulitetemeka tu, kama maji ya sufuria kabla hayajachemka. Daktari akaweka vijiko viwili vya umeme vya kuushtua moyo, akatoa amri, moyo ukaruka, ukarudi kutetemeka. Akarudia. Ukatetemeka. Odhiambo akasema kitu kuhusu muda, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo.

"Sista," Daktari Mutiso akaniambia bila kuinua kichwa. "Sasa."

Nikafungua mdomo chini ya barakoa. Kilichotoka kilikuwa mnong'ono.

"Kwa sauti," akasema Sista Perpetua, yule ambaye hakuwahi kupaza yake. "Huyo yuko mbali."

Nikaita. Kavosa. Nikaita kama unavyomwita mtoto aliye nje na chakula kiko mezani. Odhiambo, ambaye hasalimiani na mtu damu ikizunguka, akaita naye. Daktari akasema jina lile kwa mkazo wake sahihi, akaweka vijiko, akatoa amri.

Moyo uliruka, ukasita, ukapiga. Ukapiga tena. Kisha ukashika mwendo wake kama mtu aliyekumbuka alikokuwa akienda.

Msije mkaniuliza ni nini kilichouamsha. Umeme uliuamsha, na joto, na ule mshipa ulioshonwa na mtu aliyeharibu mioyo ya mbuzi wote wa Kawangware ili ajue. Nawaambia tu kwamba sisi sote tuliita, na kwamba hakuna aliyeona aibu baadaye.

Lakini tulikuwa tumemaliza sehemu yetu tu. Guku alikuwa ameketi nje tangu alfajiri, na tulipomwambia moyo unapiga aliitikia kwa kichwa kwa adabu. Moyo haukuwa shida yake.

Kavosa alitolewa mrija wa kupumulia siku iliyofuata. Aliachwa apate nguvu kidogo, kisha Guku akaruhusiwa kuingia. Sijui nani alisema nini kwa nani, lakini nilipofika nilikuta Daktari Mutiso amesimama ukutani mikono nyuma, Sista Perpetua kando yake, Odhiambo mlangoni amevua kofia. Hakuna aliyekuwa na kazi mle. Tulikuwa kama watoto wanaongoja mwalimu amalize kusahihisha.

Guku alisimama mwisho wa kitanda. Hakumgusa mtoto. Elijah alitaka kusogea, akamzuia kwa kiwiko. Mtoto alikuwa amefumbua macho, anatutazama sisi wote bila kutuchagua. Guku akazungumza kwa Kiswahili, si kwa lugha yao, ili sote tusikie.

"Nani alimwaga mafuta ya taa kwenye unga?"

Elijah akaanza kusema kwamba ni paka, kila mtu anajua ni paka. Kiwiko kikamnyamazisha.

Midomo ya mtoto ilikuwa imekauka. Ilichukua muda kuachana.

"Ni wewe, Guku," akasema, kwa sauti ya karatasi. "Ukasingizia paka. Ukamchapa."

Elijah akamgeukia mamake. Guku hakumtazama. Alivuta stuli, akaketi polepole kama mtu aliyeshuka kutoka safari ndefu, akaingiza mkono chini ya shuka akaushika mguu wa mtoto, ule usiokuwa na bandeji. Ndipo akatutazama, mmoja mmoja, tulivyojipanga pale ukutani.

"Ni yeye," akasema. "Sasa nendeni mkale."